Ufafanuzi: Vibonyeo vya waya wa chuma vitakavyobeba reli za nchi jirani

Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa, SGR, yenye urefu wa kilomita 272 kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala. Januari 2025 Tanzania na Burundi nazo zikatia saini mkataba wa reli ya aina hiyo kati ya Uvinza, mkoani Kigoma, na Musongati. Miradi ya namna hii hutangazwa kwa kilomita, kwa mabilioni ya fedha na kwa saa za safari zitakazopunguzwa. Makala haya yanahusu kipimo kingine kabisa, ambacho ukubwa wake unakaribia unene wa karatasi moja ya daftari: kina cha vishimo vinavyobonyezwa juu ya waya wa chuma kabla waya huo haujazikwa ndani ya taruma la zege.

Taruma ni ule mhimili mfupi unaolazwa juu ya kokoto, ukikatiza njia, ambao juu yake hufungwa reli mbili. Katika reli nyingi za kisasa mataruma hupangwa kwa umbali wa takriban sentimita 60 baina ya moja na jingine. Kwa umbali huo, kilomita moja huhitaji mataruma zaidi ya 1,600, na njia kuu kutoka Malaba hadi Kampala pekee ingehitaji zaidi ya 450,000, bila kuhesabu njia za kupishana treni wala za vituoni. Kila moja hutarajiwa kukaa ardhini kwa miaka 50 hivi, likilowa mvua, likipigwa jua na kupitiwa na magurudumu usiku na mchana.

Zege katika reli za ukanda huu si jambo jipya. Reli ya kale ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kuanzia 1896, ilitumia sana mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa hawana huruma na mbao. Reli ya Kati ya Tanzania, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilifuata mkondo huo huo. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, imelala kwa sehemu kubwa juu ya mataruma ya zege, na machimbo yake ya Kongolo mkoani Mbeya yametoa kokoto na mataruma vilevile. Kisha ikaja SGR ya Kenya, iliyoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ile ya Tanzania iliyofika Dodoma mwaka 2024. Kwa hiyo swali la waya ulio ndani ya taruma linazihusu nchi zote hizi, si zile tu zinazoanza kujenga sasa.

Zege linalobanwa kabla ya kubebeshwa mzigo

Zege lina nguvu nyingi linapogandamizwa, lakini linapovutwa hupasuka mapema. Uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Taruma huvutwa kila treni inapopita. Gurudumu linapokanyaga reli, sehemu ya taruma iliyo chini ya reli hupinda kidogo na upande wake wa chini huvutika. Katikati ya taruma hali hugeuka: kokoto husukuma kutoka chini, na upande wa juu ndio unaovutika. Mzigo wa ekseli moja ya treni ya mizigo katika SGR ya Kenya unaweza kufika tani 25. Ni kweli kwamba taruma moja halibebi mzigo wote huo, kwa sababu reli huugawa kwa mataruma jirani, lakini kinachobaki kinatosha kabisa kulipasua zege lisilosaidiwa.

Katika nyumba zetu zege husaidiwa kwa nondo. Nondo hulala ndani ya zege bila kufanya kazi kubwa mpaka zege lianze kupasuka. Hapo ndipo inapoanza kubeba. Nyufa nyembamba katika boriti ya nyumba si balaa. Katika taruma, hata hivyo, ufa hufunguka na kufunga mamilioni ya mara, maji na vumbi la kokoto huingia, na mwisho chuma huchoka.

Kwa hiyo mafundi wa reli hutumia njia nyingine. Mtazame fundi mwashi anayetaka kuhamisha matofali matano kwa mara moja. Huyapanga kwa mstari, huyabana kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili, kisha huyanyanyua yote kwa pamoja kana kwamba ni ubao mmoja. Hakuna saruji kati yake; kinachoyashika ni ule mbano. Taruma la kisasa limejengwa kwa wazo hilo: linabanwa kutoka ncha mbili tangu kiwandani, kiasi kwamba gurudumu linapojaribu kulivuta, kwanza linapaswa kuumaliza mbano huo kabla zege halijaanza kuhisi mvuto wowote. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alipata hataza ya wazo hili mwaka 1928, na hadi leo jina lake halikosekani katika vitabu vya fani hiyo.

Viganja vya kulibana taruma ni nyaya za chuma. Kiwandani nyaya hutandazwa ndani ya kalibu ndefu zilizopangwa kwa mstari, wakati mwingine mita mia moja au zaidi, kisha huvutwa kwa jeki za haidroliki. Chukua mfano wa mataruma ya Marekani, ambayo vipimo vyake vimechapishwa kwa wingi: taruma moja huwa na nyaya 20 hivi zenye kipenyo cha milimita 5.32, na kila waya huvutwa kwa nguvu ya tani tatu na ushei. Kila milimita ya mraba ya chuma hubeba kilo 140 hivi, wakati nondo ya kawaida huanza kulegea kabisa kwenye kilo 50. Waya ukivutwa kiasi hicho hurefuka milimita saba kwa kila mita. Katika kalibu ya mita mia, hiyo ni sentimita 70 nzima za kurefuka. Zipo nchi zinazotumia nyaya chache zaidi na nene zaidi, lakini jumla ya mbano haitofautiani sana na hiyo: tani 60 hivi kwa mfano huu, zikilikandamiza gogo la zege lenye urefu wa mita mbili na nusu.

Zege humiminwa juu ya nyaya zikiwa bado zimevutwa. Likishakomaa vya kutosha, mara nyingi kesho yake kwa msaada wa joto au mvuke, jeki hulegezwa na nyaya hukatwa kati ya taruma na taruma. Waya uliovutwa unataka kurudi kwenye urefu wake wa zamani. Zege linaukatalia. Katika kukatalia huko ndipo mbano unapozaliwa.

Nusu mita inayoamua kila kitu

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwenye ncha ya taruma, pale waya ulipokatwa, mvuto wa waya ni sifuri; hakuna kinachoushika. Sentimita chache ndani, zege limeanza kuushika kidogo. Kadiri unavyoingia ndani, mshiko unajumlika, mpaka pafike mahali ambapo waya umeshikwa kikamilifu na taruma limebanwa kwa nguvu yake yote. Umbali kutoka ncha hadi mahali hapo wahandisi huuita urefu wa kuhamisha mkazo.

Sasa pima taruma. Reli za SGR zimeachana kwa milimita 1,435 kati ya kingo zake za ndani, maana yake ni mita moja na nusu kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine. Taruma la mita 2.6 linabakisha sentimita 55 tu kutoka ncha hadi chini ya katikati ya reli. Katika sentimita hizo 55, nguvu yote ya waya lazima iwe imekwisha kuhamia kwenye zege. Ikihitaji zaidi ya hapo, gurudumu litakuwa linakanyaga mahali ambapo taruma bado halijabanwa sawasawa. Boriti ya daraja yenye urefu wa mita 30 haina shida hii kwa kiwango hicho, kwa sababu mzigo wake mkubwa uko katikati, mbali na ncha. Taruma ni fupi, na mzigo wake mkali uko karibu na ncha. Kwa hiyo waya wake unapaswa kushikwa haraka.

Ni nini kinachoushika? Kwanza ni kule kugandana tu kwa saruji na chuma, mshiko dhaifu unaokatika mara waya unapoteleza hata kidogo. Pili ni msuguano, nao una siri yake. Kitu kinachovutwa kwa urefu hunywea kwa upana, kama mpira wa manati. Waya wa milimita 5.32 ukivutwa kama tulivyoeleza hunywea kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Unapokatwa, ncha yake hurudia unene wake wa awali, lakini sasa imezungukwa na zege gumu. Hivyo hutuna na kujikwamisha kama kabari. Jambo hili huitwa kwa jina la Mjerumani Ewald Hoyer, ambaye katika miaka ya 1930 alitengeneza zege lenye nyaya nyembamba sana, laini kama za piano, akitegemea kukwama huko.

Nyaya nyembamba za Hoyer zilifanya kazi, lakini kuzishughulikia kiwandani kulikuwa kuchosha. Kupata nguvu ileile, kiwanda kilihitaji idadi kubwa mno ya nyaya, kila moja ikifungwa na kuvutwa. Viwanda vikataka nyaya nene zaidi, na hapo hesabu ikawageuka. Waya ukiongezwa kipenyo mara mbili, eneo la mkato wake, na kwa hiyo nguvu yake, huongezeka mara nne. Ngozi yake, ile inayogusana na zege, huongezeka mara mbili tu. Kila milimita ya ngozi sasa inapaswa kushika mara mbili ya ilivyoshika mwanzo. Waya mnene na laini huteleza.

Jibu likawa mshiko wa tatu: kuupa waya vishimo ili saruji iingie ndani yake na kugeuka meno.

Vibonyeo vinavyotengenezwa

Ni vyema kutofautisha vibonyeo hivi na yale matuta ambayo msomaji ameyaona kwenye nondo za dukani. Nondo hupewa matuta ikiwa ya moto, chuma kikiwa bado laini, na matuta hayo hutokeza nje. Waya wa taruma hupitia njia ndefu zaidi. Huanza kama fito la chuma lenye kaboni nyingi, karibu asilimia 0.8, ambalo huvutwa likiwa baridi kupitia tundu baada ya tundu, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka liwe jembamba na lenye nguvu mara tatu au nne ya nondo. Kisha waya hupita katikati ya rola tatu zenye meno, zilizouzunguka, ambazo huubonyeza. Mwishoni hupashwa joto huku umevutwa, ili baadaye ndani ya zege usilegee polepole. Viwango vinavyotumika sana hutaka waya wa aina bora usipoteze zaidi ya asilimia 2.5 ya mvuto wake kwa saa 1,000 za majaribio.

Matokeo ni waya wenye safu tatu za vibonyeo kuuzunguka, mamia kwa kila mita. Kila kimoja kina urefu wa milimita chache na kina cha kati ya sehemu moja na mbili za kumi za milimita, vyote vikiwa vimelala kwa mshazari. Kuna jambo moja hapa linalostahili kutajwa kwa sababu linaonyesha fikra zilizomo: katika muundo unaotumika sana, safu mbili hulala mshazari upande mmoja na safu ya tatu hulala upande wa pili. Kama zote tatu zingefuata upande mmoja, waya ungekuwa na umbo la skrubu, na chini ya mtikisiko wa treni ungeweza kujizungusha na kujitoa polepole. Safu ya tatu huzuia hilo. Ipo pia miundo mingine, ukiwemo ule wenye mfuo unaouzunguka waya kama kamba, na ule wenye vitone.

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani, kwa kugharamiwa na mamlaka ya shirikisho ya reli ya nchi hiyo, walikusanya nyaya za milimita 5.32 kutoka kwa watengenezaji mbalimbali na kuzipima moja baada ya nyingine katika zege la aina moja. Zote zilikuwa na kipenyo kimoja na zilivutwa kwa nguvu moja. Kilichotofautiana ni ngozi. Waya laini ulihitaji sentimita 40 hivi kuhamisha nguvu yake. Nyaya nyingi zenye vibonyeo zilihitaji kati ya sentimita 20 na 30. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo mpaka ukumbuke zile sentimita 55, na ukumbuke pia kwamba urefu huo hauwezi kubaki ulivyo milele: mizigo inayorudiwarudiwa huusogeza mshiko ndani, taratibu.

Kwa nini visichimbwe zaidi?

Kutokana na hayo mtu angedhani kwamba suluhisho ni kuchimba vibonyeo virefu zaidi, taruma lishikwe ndani ya sentimita kumi na mambo yakaisha. Sivyo. Jino la saruji lililo ndani ya kibonyeo halishiki kwa kuvuta tu. Waya unapojaribu kuteleza, ukingo wa kibonyeo hupanda juu ya jino hilo na kulisukuma zege kwenda nje, kama kabari inavyopasua kuni. Kila waya unakuwa na duara la zege linalosukumwa kutoka ndani. Nyaya 20 zikiwa zimekaribiana, na zile za pembeni zikiwa sentimita chache tu kutoka usoni mwa taruma, misukumo hiyo hukutana.

Ikizidi uwezo wa zege, taruma hupasuka kwa urefu, ufa ukifuata mstari wa waya kuanzia kwenye ncha. Huu ni ufa mbaya kuliko ule wa kukata taruma kwa upana. Ufa wa kukata kwa upana hufungwa na mbano wenyewe mzigo unapoondoka. Ufa wa kwenda na waya haufungwi na chochote, kwa sababu hakuna chuma kinachoukatiza. Na ndio unaouachia waya, mshiko ukapotea na mbano nao ukafuata. Unaweza kufika kwenye vile vyuma vilivyozamishwa ndani ya zege vya kufungia reli. Vikilegea, reli mbili zinaweza kuachana kupita kipimo. Zaidi ya hapo, ufa wa namna hiyo si lazima uonekane siku ya kwanza. Taruma linaweza kutoka kiwandani likiwa safi, kupita ukaguzi, kuzikwa kwenye kokoto hadi shingoni, na kupasuka baada ya miezi au miaka.

Utafiti wa Kansas ulionyesha kwamba kina cha kibonyeo na umbo la kuta zake vina mchango mkubwa katika hatari hiyo, pamoja na unene wa zege linaloufunika waya na ugumu wa zege lenyewe kupasuka. Kokoto zilizotumika, kwa mfano, zina neno lake. Waya uliofaa katika zege la kiwanda kimoja unaweza kuleta nyufa katika zege la kiwanda kingine, ijapokuwa karatasi za nyaya hizo zinafanana kila kitu. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo somo lenye thamani kubwa kwa nchi zinazoagiza waya kutoka mbali na kuuchanganya na saruji na kokoto za nyumbani: cheti cha waya na cheti cha saruji, kila kimoja kikiwa kizuri kivyake, havijathibitisha kwamba hivyo viwili vinapatana. Kinachothibitisha ni kumwaga zege halisi juu ya waya halisi na kupima.

Sabuni, kutu na haraka

Hata waya wenye vibonyeo sahihi unaweza kuharibiwa kabla haujafika kwenye kalibu. Wakati wa kuvutwa kupitia matundu, waya hulainishwa kwa unga wa sabuni. Mabaki yake yakisalia juu ya ngozi, zege hushindwa kugandana nayo, nao waya hufanya kazi kama ule laini. Rola za kubonyeza nazo huchakaa. Meno yake yakilika, vibonyeo vya mwisho wa mwezi huwa vifupi kuliko vya mwanzo wa mwezi, na hakuna anayeona kwa macho. Kutu ina tabia yake. Ukungu mwembamba wa kutu, ule unaofutika kwa kitambaa, huongeza mshiko; mafundi wengi wa zamani walilijua hilo. Kutu iliyokwisha kula mashimo ni jambo jingine: katika chuma kilichovutwa kwa kilo 140 kwa milimita ya mraba, shimo dogo tu ni mahali pa kukatikia. Kwa shehena inayosafiri baharini wiki kadhaa na kusubiri bandarini katika unyevu wa pwani, ufungaji na uhifadhi wa waya si suala la usafi wa ghala.

Kisha kuna haraka. Kalibu ni ghali, na kiwanda hulipwa kwa mataruma yanayotoka. Kishawishi ni kukata nyaya mapema, zege likiwa bado changa. Zege changa hushika vibaya na hupasuka kirahisi, hivyo makosa yote mawili huja kwa pamoja. Hata namna ya kukata ina athari zake. Jeki zikilegezwa polepole, nguvu huingia kwenye zege kwa upole. Waya ukikatwa ghafla ungali umevutwa, ncha ya taruma hupokea pigo, na urefu wa kuhamisha mkazo huongezeka.

Milimita mbili

Jambo la kufurahisha ni kwamba kosa hili, tofauti na makosa mengi ya ujenzi, linaweza kupimwa kwa kifaa kinachoingia mfukoni. Waya unapokatwa huzama kidogo ndani ya uso wa taruma, kwa sababu sehemu ya mwisho imelegea na kufupika. Mfaransa Yves Guyon alionyesha uhusiano kati ya kuzama huko na urefu wa kuhamisha mkazo. Kwa hesabu yake rahisi, unachukua kiasi ambacho waya umezama, unakizidisha kwa mbili, kisha unakigawanya kwa kiasi ambacho waya ulirefuka kwa kila mita.

Tumia namba za mfano wetu. Waya uliorefuka milimita saba kwa mita, ukizama milimita moja, umehitaji sentimita 29 hivi kushikwa. Tuko ndani ya mpaka na nafasi imebaki. Ukizama milimita mbili, umehitaji sentimita 57. Umepita zile sentimita 55, na gurudumu litakanyaga mahali ambapo taruma halijabanwa kikamilifu. Kati ya taruma zuri na taruma la kutupwa kuna milimita moja, inayoonekana kwenye ncha ya kila waya, na mkaguzi mwenye kipimo cha kina anaweza kuisoma kwa sekunde chache. Hesabu hii haitoshi peke yake. Wahandisi wengine hutumia kigawe kikali zaidi, na taruma bado linapaswa kupelekwa kwenye mtambo wa kulipinda mpaka lipasuke, likiwa limechaguliwa bila mpangilio kutoka katika kila fungu. Lakini mtambo huvunja taruma moja kati ya mamia, wakati kipimo cha mfukoni kinaweza kupita kwenye ncha zote.

Kwa nchi inayojenga, basi, maswali ya kuuliza kiwandani yanafahamika na hayahitaji siri. Waya una muundo gani wa vibonyeo, na kina chake kimepimwa katika kila koili au katika koili ya kwanza tu? Zege lilikuwa na nguvu kiasi gani saa ile nyaya zilipokatwa? Nyaya zimezama kiasi gani, na nani ameandika? Je, kuna taruma lililowekwa kando kwa miezi kadhaa na kutazamwa upya kwa ajili ya nyufa za urefu?

Majibu yake hupatikana kwa muda mfupi tu. Katika baadhi ya viwanda ncha za taruma hupakwa lami au rangi ya kuzuia maji muda mfupi baada ya kukatwa, na pale zisipopakwa, siku ya kutandika njia hufunikwa na kokoto. Baada ya hapo ncha ya waya haionekani tena mpaka taruma litakapofukuliwa.